Nilimfungia Rafiki Yangu kwa Ajili ya Adui Asiyevuka Mto

Bi Oldenhof mpendwa, nimefikwa na jambo ambalo siwezi kulitatua peke yangu, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, kwa sababu mwanzo wake unaonekana wa kitoto na mke wangu Dineke ameshaniambia kwamba mtu wa miaka arobaini na tisa hapeleki habari za mchezo wa kompyuta gazetini.

Mimi ni mkaguzi wa matuta yanayozuia mto usifurike, katika Mamlaka ya Maji, naishi Zutphen upande wa mjini, na rafiki yangu Roelof anaishi De Hoven, ng'ambo ya Mto IJssel, mahali ambapo nikiwa kazini juu ya tuta naliona paa la nyumba yake na siku nyingine nguo zilizoanikwa na mkewe Aaltje. Kazi ya Roelof ni kurekebisha sauti za vinanda vya makanisa. Huingia ndani ya kinanda na kusikiliza bomba moja baada ya jingine mpaka alipate lile linalokosea. Tumekuwa marafiki tangu tukiwa na miaka kumi na mitatu, na tangu wakati huo kila Alhamisi baada ya chakula cha jioni tulicheza michezo ya vita na biashara, kwanza kwa ramani za kadibodi tulizozichora wenyewe na kuzitandaza juu ya meza ya mama ya kupigia pasi, halafu kwa kompyuta, na ramani zile za kwanza bado zipo ndani ya kopo la biskuti ambalo sisi wawili huliita Hazina ya Taifa.

Miaka sita iliyopita vijana watatu walitangaza mtandaoni kwamba wanataka kutengeneza mchezo wa mikakati uitwao Mabwana wa Mto, kuhusu miji ya kale ya mto wetu huu, wakaomba kila anayelipenda wazo hilo achangie kabla ili kazi ipate kuanza, na mimi niliposoma kwamba miji ya adui itaongozwa na kompyuta inayofikiri kama baraza la mji, yenye kupatana, kuhonga, kuzingira na kuvizia, nilichanga siku hiyohiyo, tena kwa kiwango cha juu ambacho kilimpa mchangiaji haki ya sura yake kuchorwa ndani ya mchezo. Roelof naye alichanga kidogo. "Nachanga kwa ajili yako, mzee, siyo kwa ajili yao," alisema. "Hawa wameeleza matofali kurasa nne nzima, adui wamemweleza kwa mstari mmoja." Nikamwambia aache kutafuta kasoro kwenye kinanda ambacho hakijalia bado.

Baada ya miezi michache watengenezaji walitafuta mtu wa kujitolea kusimamia jukwaa la mtandaoni ambako wachangiaji walikuwa wakizungumza, nikajitolea, wakanipa beji ya kijani kando ya jina langu na uwezo wa kufuta maneno ya watu na kuwafungia watu wasiingie. Mchezo uliahidiwa kwa miaka miwili, ikapita miwili, ikapita mitatu, na kila mwezi tulipokea picha nzuri sana, mara paa, mara ukuta, mara kuvu juu ya ukuta, na watu walipouliza mchezo wenyewe unachezwaje niliwajibu kwamba watengenezaji wanafanya kazi kwa bidii na tuwape nafasi, na jibu hilo nililihifadhi mahali ili nisilazimike kuliandika upya kila mara.

Majira ya baridi ya mwaka wa tatu tulipewa toleo la majaribio. Roelof alilicheza kwa wiki kadhaa, akaandika kila kitu kwenye karatasi ya miraba kama anavyofanya kwa mabomba ya vinanda vyake, kisha akaandika jukwaani maneno haya, ambayo nayajua kwa moyo: "Nimecheza mara thelathini na moja. Adui hajavuka mto hata mara moja. Nadhani hajui kwamba mto unavukika. Je, kuna mtu anayelishughulikia jambo hili?" Niliyafuta baada ya dakika kumi. Akanipigia simu nikiwa juu ya tuta.

"Wolter, maneno yangu yamepotea."

"Yalikuwa yanavunja watu moyo, bwana."

"Watu gani? Nimeuliza swali. Wewe umecheza?"

"Nimecheza."

"Na adui amevuka?"

"Hilo ni toleo la majaribio tu, Roelof."

"Sijakuuliza ni toleo gani. Nimekuuliza kama amevuka."

Nikamwambia upepo ni mkali na simsikii vizuri, jambo ambalo halikuwa kweli, na jioni ile aliyaandika maneno yaleyale kwa mara ya pili, safari hii pamoja na picha ya karatasi yake ya miraba, nami nikamfungia asiingie tena maisha yake yote, nikaandika sababu kuwa ni kueneza uadui dhidi ya watengenezaji.

Alhamisi iliyofuata alikuja nyumbani kwa baiskeli, kopo la Hazina ya Taifa likiwa chini ya kwapa. Hakuingia ndani.

"Nani ameamua?" aliuliza.

"Kamati," nikasema.

"Kamati gani?"

"Ya wasimamizi."

"Na wewe ulipiga kura?"

"Sikupiga. Nilijitoa, kwa sababu wewe ni rafiki yangu."

"Ulijitoa," akasema. "Vizuri sana. Basi shika hii Hazina, kamati isije ikasema nimeiba. Na huu mlango wako nao, bwana msimamizi, unafungwa kwa kitufe?" Akapanda baiskeli yake akaenda.

Hakukuwa na kamati, Bi Oldenhof. Msimamizi nilikuwa mimi peke yangu, na nilipobonyeza kile kitufe nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Hata Dineke nilimwambia ni kamati. Tangu siku ile hatujacheza Alhamisi hata moja, tukikutana sokoni tunasalimiana na kuulizana habari za kazi, na hiyo ni miaka mitatu sasa.

Mwezi wa Mei mwaka huu mchezo ulitoka. Matofali ni mazuri. Adui havuki mto. Anakusanya jeshi, analipanga ukingoni, na hapo linakaa mpaka vyakula vinamwishia, na hata katika ule msimu wa mchezo ambapo mto unaganda na watoto wanaonekana wakiteleza juu ya barafu, wanajeshi wake wamesimama ukingoni wakiwatazama. Watengenezaji waliandika barua ya kuaga ambamo walikiri kwamba tangu mwaka wa kwanza walijua sehemu hiyo haifanyi kazi, na wakamshukuru msimamizi wao kwa kuwakinga na kelele. Kwa shukrani hizo sura yangu wameiweka kwenye lango la mji mkuu. Mchezaji akinibonyeza nasema maneno manne tu: "Hakuna tatizo lolote, bwana." Nayasema hata mji unapoungua.

Sasa nafika kwenye ombi langu. Tarehe ishirini na mbili Novemba Roelof anatimiza miaka hamsini. Jina lake liko kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa iliyotundikwa chooni kwetu, kwa hiyo nalisoma kila siku. Tukiwa na miaka kumi na tisa tuliahidiana kwamba atakayetangulia kufika hamsini, mwenzake ndiye atakayemtengenezea sanamu ya Abrahamu, kama ilivyo desturi yetu kwa mwanamume anayefika umri huo, na kuisimamisha mbele ya nyumba yake asubuhi ya siku hiyo, majani makavu ndani ya nguo kuukuu, na ndevu, na kila kitu. Majani nimeshayapata kwa mkulima mmoja, yako bandani. Je, niitengeneze na kuiweka alfajiri kabla hajaamka, aione na aelewe mwenyewe? Au nimwandikie barua kumweleza jinsi watengenezaji walivyotudanganya sote? Au niache, kwa kuwa pengine ameshasahau, na mtu asiichokoe shari iliyolala? Dineke anasema, "Kamwombe msamaha, Wolter, uache kuzungukazunguka," lakini yeye anadhani naomba msamaha kwa niaba ya kamati.

Majina nimeyabadilisha.

Wolter, Zutphen

*

Bwana Wolter,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, halafu nikafanya jambo ambalo huenda hukulitarajia. Nilimwomba jirani yangu, ambaye naye alichanga na sasa anaona aibu kusema hivyo, aniwashie mchezo huo, na nikaucheza Jumamosi mbili asubuhi. Mimi ni mtu wa bustani na mafumbo ya maneno. Sikutarajia kuupenda, na matofali, kweli, ni mazuri. Nilipanga wanajeshi wangu kumi na wawili ukingoni, nikaenda jikoni kumenya viazi vya supu, nikarudi. Adui alikuwa palepale alipokuwa. Nikaweka na karoti. Bado alikuwa palepale. Kwa hiyo jambo ambalo Roelof alilithibitisha kwa kucheza mara thelathini na moja, bibi wa miaka sabini na mbili amelithibitisha kwa sufuria moja ya supu.

Nilipita pia langoni, nikakubonyeza. Wamekuchora vizuri.

Nianze na lililo dogo, kwa sababu umeliandika kama kubwa. Umepoteza mchezo uliokuwa ukiutamani. Pole, nasema kwa dhati. Mtu anayesubiri kitu zaidi ya miaka mitano ana haki ya kusikitika kinapokuja kikiwa nusu. Lakini unapochangia kitu ambacho hakijakuwepo, hujanunua kitu. Umewapa watu wengine nafasi ya kujaribu, na kujaribu ni pamoja na kushindwa. Vijana wale watatu walijitwisha kazi iliyowazidi. Hilo si kosa. Kosa lao ni kulijua na kunyamaza, na katika kunyamaza huko walikuwa na msaidizi hodari mwenye beji ya kijani. Usiniandikie kwamba "walitudanganya sote". Swali la Roelof lilikaa mbele ya macho yako dakika kumi nzima. Hukudanganywa. Ulisoma, ukaelewa, ukafuta.

Sasa nikuulize kuhusu kazi yako, maana huko najua una akili timamu. Mkulima akikusimamisha na kukuambia, "Bwana mkaguzi, hapa kwenye tuta pana unyevu, nimepita mara thelathini na moja na kila mara nimeukuta," unafanyaje? Unapiga magoti ushike udongo kwa mkono wako, au unampiga marufuku asipite tena juu ya tuta kwa kuwavunja watu moyo? Kama ungefanya hili la pili, mji huu ungekuwa chini ya maji na wewe ungekuwa huna kazi. Lakini ulipovua buti na kuketi mbele ya kompyuta, ulisahau yote unayoyajua. Ulidhani mchango wako unahitaji ulinzi, na kwamba anayeuliza anataka kuuharibu. Laiti swali lile lingeachwa pale, watu wengine mia wangejibu, "Nami pia nimeliona," na vijana wale wangelazimika ama kulirekebisha ama kusema ukweli mapema. Katika mambo yote ambayo mchezo ule ulipewa na wachangiaji wake, karatasi ya miraba ya Roelof ndiyo iliyokuwa na manufaa kuliko yote, na ndiyo iliyotupwa. Wewe ulitoa sura. Yeye alitoa masikio.

Kwa hiyo siku nyingine mtu akikuomba mchango wa kitu ambacho hakijatengenezwa, changa ukipenda, ila mwambie akuonyeshe adui kabla ya kukuonyesha paa. Na usikubali beji kutoka kwa mtu ambaye kazi yake unapaswa kuipima.

Hayo yametosha. Tuje kwenye kamati.

Bwana Wolter, nimesoma barua nyingi katika safu hii, za watu walioiba, walioacha wake zao, waliouza mbwa wa jirani. Ni mara chache nimekutana na mtu aliyesema uongo kwa adabu kama wako. "Nilijitoa, kwa sababu wewe ni rafiki yangu." Haikukutosha kumfungia mwenzako, ulitaka akushukuru kwa uadilifu wako. Na yeye alisema, "Vizuri sana." Unafikiri alikuamini? Mtu anayepata riziki yake kwa kusikiliza bomba moja linalokosea kati ya mabomba elfu mbili? Mimi nadhani alisikia palepale mlangoni, na ndiyo maana aliacha kopo. Hakulirudisha kwa sababu ya mchezo. Alilirudisha kwa sababu alikuuliza swali jepesi, nawe ukampa kamati.

Umeniuliza kama ameshasahau. Hajasahau, nawe unajua, la sivyo usingekuwa na majani bandani.

Barua ya kumweleza makosa ya watengenezaji usiiandike. Kila sentensi ndani yake itakuwa na mtu mwingine kama mtendaji. Na sanamu usiisimamishe alfajiri kwa siri. Aaltje atafungua pazia, majirani watakuja kupiga picha, na Roelof atalazimika kucheka mbele ya watu kabla hajaamua kama anataka kucheka. Hiyo ni njia ya kuingia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Sanamu ya Abrahamu hutengenezwa na rafiki. Kwanza ujue kama bado wewe ni rafiki yake.

Fanya hivi. Leo hii ingia kwenye lile jukwaa, ambalo jirani yangu ananiambia bado lipo na ufunguo wake bado unao. Yarudishe maneno ya Roelof mahali yalipokuwa, na tarehe yake, na karatasi ya miraba. Chini yake andika kwamba aliyeyafuta ni wewe, peke yako, na kwamba yalikuwa ya kweli. Weka jina lako. Kisha ivue ile beji. Hata kama watakaosoma ni watu wanne, andika.

Baadaye mwambie Dineke, ukiwa umeketi, siyo ukiwa unavaa koti. Amekuwa akikushauri miaka mitatu kuhusu kamati ambayo haipo, anastahili kujua.

Halafu nenda De Hoven. Nenda kwa baiskeli, usichukue maua, usichukue chupa. Chukua Hazina ya Taifa, kwa maana nusu ya ramani zile alizichora yeye. Atakapofungua mlango una sentensi tatu tu: hakukuwa na kamati, nilikuwa mimi, ulikuwa umesema kweli. Kisha nyamaza. Usimweleze ulikuwa umechoka, usimweleze ulikuwa unaupenda mchezo kiasi gani, usimtaje kijana hata mmoja kati ya wale watatu. Akikuuliza jambo, jibu alichouliza. Akikutukana, sikiliza, ana malimbikizo ya miaka mitatu. Akifunga mlango, acha kopo kizingitini urudi nyumbani, na sanamu uitengeneze hata hivyo, kwa sababu uliahidi, umkabidhi Aaltje, naye aamue kama itasimama au itaingia kwenye moto wa bustani. Usiitie mzaha wowote kuhusu mto. Ivalishe koti la kazi, uipe mkononi uma wa sauti, ule wa kupimia noti, basi.

Limebaki jambo moja. Umeandika kwamba umebadilisha majina. Umebadilisha. Lakini umeacha De Hoven, umeacha vinanda, umeacha tarehe ishirini na mbili, na katika De Hoven hakuna warekebishaji wawili wa vinanda wanaotimiza miaka hamsini siku moja. Nilifikiri niyaondoe mambo hayo kabla ya kuchapa, nikaamua kwamba aliyeyaacha alitaka yaachwe. Kwa hiyo jibu hili nimelipeleka kwako kwa posta siku ya Jumatatu, ulipate Jumanne. Gazeti hili hutoka Ijumaa asubuhi na huwekwa katika kila nyumba, pande zote mbili za mto.

Katikati ipo Alhamisi. Kula chakula chako cha jioni, kisha vuka daraja.

G. Oldenhof